Jibu: Kabla ya kumnunulia mdogo wako programu ya kusoma skrini

Ndugu, nimekuelewa: mdogo wako aliyeko chuoni anapoteza uwezo wa kuona, na mmeambiwa kwamba bila kununua JAWS, programu inayomsomea mtu kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hataweza kutumia kompyuta. Zamani shauri hilo lingekuwa na uzito. JAWS, iliyoasisiwa na Ted Henter, mwenyewe asiyeona, ilitoka mwaka 1989 enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ambapo skrini ilikuwa maandishi matupu na kuyageuza kuwa sauti kulikuwa rahisi kuliko ilivyokuwa baadaye, Windows ilipoleta picha na alama. Lakini mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianza kuunda NVDA, programu ya kazi hiyohiyo, ambayo hadi leo hupatikana bure na ambayo, kwa sauti ya eSpeak, programu inayogeuza maandishi kuwa usemi, husoma hata Kiswahili (sauti yenyewe ni ya bati, nakiri, ila sikio huzoea). Aanze na hiyo, na ajifunze kibodi kabla ya yote, kwa kuwa kipanya hakitamfaa. Kama bado anaona kiasi, ajaribu kwanza kikuzaji cha skrini kilichomo ndani ya Windows. Msichukue nakala ya wizi ya JAWS, kwani huweza kuja na virusi. Na ikiwa uoni unashuka kwa kasi, kompyuta isubiri. Mpelekeni kwanza kwa daktari wa macho.