Mwanangu, kuhusu hilo jina ulilopewa

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi. Unasema wenye pesa wamekupa jina la filamu ambalo unaona haya hata kulitamka, bajeti ya kuokoteza, na juu yake wamekupangia urefu. Halafu unaniuliza: "Mama, mtayarishaji haandiki wala haongozi. Kazi yake hasa ni nini zaidi ya kubeba lawama?"

Ngoja nikusimulie habari za Val Lewton, mtayarishaji wa filamu kama wewe. Alizaliwa Yalta mwaka 1904, akapelekwa Marekani angali mtoto. Alikuwa mtu wa vitabu, riwaya ameandika, na kwa miaka kadhaa alimchambulia hadithi David O. Selznick, mtayarishaji mkubwa wa Hollywood. Mwaka 1942 studio ya RKO, wakati huo iko hoi kifedha, ikamkabidhi kitengo cha filamu za kutisha. Kila filamu igharimu chini ya dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina litatoka kwa wakubwa. La kwanza kuletewa: Cat People. Watu-paka! Unaona hauko peke yako.

Pesa ya kutengeneza zimwi la kuaminika haikuwepo. Basi akaamua zimwi lisionekane, au lionekane kwa shida. Kuna mahali mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani, taa za barabarani mojamoja. Ko, ko, ko, viatu vyake. Nyuma yake viatu vingine. Mara vile vya nyuma vinanyamaza. Anageuka, hamna mtu. Anaongeza mwendo, anakimbia, na ghafla unapasuka mlio kama wa chui: kumbe ni breki za basi. Mimi niliruka kwenye kochi. Baba yako alinicheka, na chai yake yote iko mapajani. Sasa piga hesabu: ukuta, taa, viatu, basi. Hata ngazi za jengo analoishi mhusika mkuu zilikuwa masalia ya The Magnificent Ambersons, filamu ya Orson Welles iliyoipa hasara studio hiyohiyo.

Aliyeongoza ni Jacques Tourneur. Siku chache tu baada ya kuanza kupiga picha, bosi mmoja alitaka Tourneur aondolewe, Lewton akamkingia kifua. Hati za filamu zilipita mkononi mwake hadi nakala ya mwisho, mara nyingi bila jina lake. Katika mbili alijiandika kwa jina la bandia, Carlos Keith. Robert Wise na Mark Robson aliwatoa chumba cha uhariri akawapa filamu za kuongoza. Na alipoletewa jina la I Walked with a Zombie, alichukua kisa cha riwaya ya Jane Eyre akakihamishia Karibi, wakubwa wakapata zombi wao. Hiyo ndiyo kazi unayouliza, mwanangu, na hakuna anayeipigia makofi.

Upande wa pili sikufichi. Alitoka RKO mwaka 1946, na huko alikokwenda hakupata tena kitengo chake mwenyewe. Filamu tatu tu, basi. Wise na Robson walipofungua kampuni, wakamwacha nje. Hilo linaniuma mimi, sembuse yeye. Mwaka 1951 moyo ukamshinda, akafariki ana miaka 46.

Kwa hiyo kabla hujawajibu hao watu, waulize jambo moja: wakishakupa jina, pesa na dakika, watautia mkono wao ndani ya hadithi? Lewton kwa sehemu kubwa aliachiwa. Kama watautia, rudisha pesa zao mapema.

Na hilo jina lenyewe niandikie, usinione mzee. Baba yako anasema haliwezi kuwa baya kuliko Watu-paka.

Mama yako