Uzio Usioonekana wa Mbwa: Soma Hapa Kabla Hujanunua

Majira ya baridi yakiisha hapa Ohio, Marekani, simu huanza kuingia kutoka kwa Watanzania na Wakenya wenzangu waliohamia vitongojini. Maneno hayatofautiani sana: mbwa ametoroka tena, jirani amelalamika, na kanuni za mtaa haziruhusu kujenga ukuta. "Dada, huu uzio wa chini ya ardhi unafaa kweli, au ni kumtesa mnyama?"

Unafaa. Ila nimeishi nao muda mrefu wa kutosha kujua kwamba waya na kisanduku ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kinachomzuia mbwa asivuke ni kile alichofundishwa. Mbwa ambaye hakufundishwa atapita juu ya waya wa dola elfu mbili kama vile haupo, na aliyefundishwa vizuri ataheshimu mpaka hata siku ambayo betri ya kola yake ya shingoni imekufa. Yote nitakayoandika hapa yanatokana na hilo.

Kwanza niondoe hofu ambayo wengi wetu tunakuja nayo. Nyumbani tukisikia umeme na uzio kwa pamoja, tunafikiria zile nyaya za juu ya ukuta zinazomrusha mwizi. Huu ni mfumo mwingine kabisa. Waya unafukiwa sentimita chache chini ya majani, unazunguka uwanja mzima na kurudi kwenye kisanduku kilichochomekwa kwenye umeme, mara nyingi gereji. Kisanduku kinapitisha kwenye waya mawimbi hafifu ya redio tu, kiasi kwamba ukiushika kwa mkono mtupu husikii kitu. Shoti inatoka kwenye kola ya mbwa mwenyewe. Kola ina kipokezi chenye betri na vijiti viwili vifupi vya chuma vinavyogusa ngozi ya shingo. Mbwa akikaribia waya, kola inalia; akiendelea mbele, vijiti vinampiga shoti fupi. Si teknolojia mpya. Mmarekani Richard Peck aliipatia hataza mwaka 1973, na kampuni ya Invisible Fence ilitokana na kazi yake.

Sisi tuliamua kuufunga kwa sababu chama cha wenye nyumba mtaani kwetu hakiruhusu uzio wowote upande wa mbele, na wa nyuma ni kwa kibali. Kwa mtu aliyekulia Tanga, nyumba isiyo na ukuta wala geti ni nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Huku majani yako yanaungana na ya jirani, hakuna hata jiwe la kuonyesha mpaka uko wapi. Karanga wetu ni mchanganyiko wa Labrador tuliyemchukua kituo cha wanyama, na kindi mmoja alitosha kumvusha viwanja vitatu.

Kama unafunga mwenyewe, kabla ya jembe kugusa udongo piga 811. Ni namba ya bure ya Marekani nzima; mafundi wanakuja kuweka alama za rangi panapopita mabomba ya gesi, nyaya za umeme na za simu. Usiseme waya wako haufiki chini sana. Kebo za intaneti wakati mwingine zimelala juu juu kabisa, na ukikata ya mtaa mzima utailipa.

Sehemu ya waya inayonipa raha kuieleza ni ile inayotoka kwenye kisanduku kwenda kukutana na mzunguko. Ukiipitisha uwanjani ikiwa waya mmoja tu, umemwekea mbwa mpaka wa pili katikati ya uwanja wake, na atapigwa shoti mahali ambapo hana kosa. Dawa yake ni kuchukua nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi, na kuzisokota pamoja kwa kubana, msokoto karibu na msokoto. Mawimbi ya waya mmoja yanafuta ya mwenzake, na mbwa anapita juu yake bila kola kulia. Baada ya kufukia, tembea na kola mkononi juu ya sehemu hiyo uisikilize. Ikilia, fukua, sokota upya. Nyaya za mzunguko wenyewe nazo zisipite sambamba na kebo ya umeme ya nyumba. Zikikutana, zikatane kama msalaba, la sivyo mawimbi yanarukia kebo na kola inalia hadi sebuleni. Kona nazo zikunje kwa mviringo, usikunje kama pembe ya mkeka. Na pasipofukika, kwa mfano kwenye njia ya gari ya zege, unachana mfereji mwembamba kwa msumeno wa zege, unalaza waya, unaziba kwa gundi ya zege.

Vifaa vya kufunga mwenyewe ni dola mia kadhaa. Kampuni ikikufungia, hesabu mara nyingi inavuka dola 1,000, na kiwanja kikiwa kikubwa inaendelea kupanda. Ukilipa kampuni, uliza kabla ya kusaini kama bei hiyo ina mafunzo ya mbwa ndani yake na mkufunzi atakuja mara ngapi. Kampuni inayofukia waya, ikakuachia kola na kijitabu, imekuuzia nusu ya kitu.

Sasa mafunzo. Hapa naomba usome taratibu.

Pamoja na vifaa utapewa bendera ndogo nyeupe. Zichomeke kufuata mahali kola inapoanza kulia, siyo juu ya waya wenyewe, kwa sababu kile ambacho mbwa anapaswa kujifunza ni mahali pa kugeuka. Siku za mwanzo shoti izimwe kabisa, ibaki sauti tu. Mfunge mbwa kamba ndefu kwenye mkanda mwingine wa kawaida, usiifunge kwenye kola ya kipokezi, maana ukivuta kamba vijiti vinamchoma shingo. Tembea naye kuelekea bendera. Kola ikilia, mgeuze, mwite kwa sauti ya furaha, kimbia naye kurudi katikati, na hapo hapo mpe kipande cha nyama ya kuku. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha, kisha mpumzishe, umrudie jioni. Unataka mlio ule umwambie "rudi kwa mama, kuna kitu kizuri," kabla haujamwambia kitu kingine chochote.

Karanga alifika mahali akisikia mlio anageuza shingo kabla ya miguu, masikio yamelala nyuma, ananitazama mimi badala ya bendera. Hapo ndipo tulipowasha shoti, na tukaanzia ngazi ya chini kabisa. Dalili unayoitafuta ni ndogo: sikio linacheza, anatikisa kichwa, anajikuna shingo. Mbwa akilia kwa sauti, akajikunja au akakimbilia ndani na kugoma kutoka, umeweka juu mno. Shusha, rudi kwenye sauti tupu, anza upya. Baada ya hapo vinakuja vishawishi. Mwanao avuke mpaka akimwita, mpira urushwe ng'ambo, jirani apite na mbwa wake, na wewe umeshika kamba muda wote. Ukiona anakataa vishawishi vyote bila wewe kuvuta, ndipo unamwachia kamba, na bado uko naye uwanjani. Bendera zinatolewa mwisho, kidogo kidogo: unatoa moja, unaiacha inayofuata.

Watengenezaji wengi wanataja wiki mbili. Wapo wanaomaliza hapo, na wapo wanaohitaji mara mbili yake. Asiye na muda huo kwa sasa asinunue kwa sasa.

Kuna jambo ambalo vijitabu vinalipitia haraka: namna ya kumtoa mbwa kwa matembezi. Umemfundisha kwa bidii asivuke, halafu kesho unamshika kamba na kumvusha. Chagua mahali pamoja pa kutokea, siku zote hapo hapo, na neno moja. Vua kola, iache ndani, mfunge mkanda wa matembezi, sema neno lako, pita naye. Karanga siku za mwanzo aliketi kwenye njia ya gari akakataa kata kata. Nilimpakia kwenye gari nikamshusha ng'ambo, na baada ya muda akakubali kupita hapo kwa miguu. Sehemu nyingine yoyote ya mpaka hapiti hata nikiwa nimemshika, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Shingo yake ikague kila jioni. Vidonda ambavyo watu hudhani ni vya kuungua mara nyingi vinatokana na vijiti kukandamiza ngozi mahali pamoja kwa saa nyingi. Kola isikae shingoni zaidi ya saa 12 kwa siku, isogezwe kila baada ya saa moja au mbili, na usiku ivuliwe. Vijiti vioshwe kila wiki. Ibane kiasi kwamba kidole kimoja kinapita chini yake. Ikilegea vijiti havigusi ngozi, mbwa hasikii kitu na anajifunza kwamba mlio ni kelele tu. Mwenye manyoya mengi anahitaji vijiti virefu zaidi, na kampuni zinavyo. Ukiona wekundu, vua kola hadi ngozi ipone, na ikiwa pana usaha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Waya utakatika siku moja, mara nyingi kwa mashine ya kunyooshea kingo za majani. Kisanduku kitalia. Njia rahisi ya kutafuta palipokatika ni redio ndogo ya AM: tafuta mahali kwenye masafa inaponguruma ukiwa juu ya waya, kisha ufuate waya ukiisikiliza, na pale mngurumo unapokata ghafla chimba hapo. Unga kwa viunganishi visivyopitisha maji, vile vyenye mafuta mazito ndani, siyo kwa mkanda wa kawaida wa umeme. Weka pia kinga ya radi kwenye kisanduku. Waya uliozunguka uwanja mzima unavuta radi hadi ndani ya gereji.

Wengi wananiuliza kuhusu kola za GPS, ambazo mpaka unachorwa kwenye simu bila kuchimba chochote. Kwa shamba au kiwanja kikubwa ni nzuri sana. Kwa viwanja vyetu vya mjini sizishauri, maana kipimo cha setelaiti kinaweza kupotoka mita kadhaa chini ya miti au karibu na nyumba ndefu, na mpaka unaohamahama unamchanganya mbwa ambaye kosa lake halioni. Kola yenyewe inataka kuchajiwa mara kwa mara, na baadhi zinadai malipo ya kila mwezi.

Wapo mbwa ambao sitamshauri mtu yeyote awafungie mfumo huu. Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita, bado. Mbwa mwoga anayetetemeka mlango ukigongwa, hapana. Mbwa mkali kwa wapita njia, hapana kwa msisitizo: atamkimbilia mtoto anayepita na baiskeli, apigwe shoti mpakani, na akilini mwake mtoto ndiye aliyemuumiza. Ukali unazidi. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wa tabia za wanyama, katika tamko lake la mwaka 2021, kinashauri kufundisha kwa zawadi na kuacha njia za maumivu kabisa. Nawaheshimu, na ndiyo maana nasema wazi: kama kanuni za mtaa wako zinaruhusu uzio wa mbao au wa chuma, jenga huo. Mimi natumia waya kwa sababu sina ruhusa ya kujenga.

Uzio wa kweli pia unazuia vinavyoingia, na waya hauzuii. Hapa kwetu koyote, wanyama pori wa jamii ya mbwa, wanapita hadi nyuma ya nyumba, mbwa wa mtaa wa pili anaingia apendavyo, na mwizi wa mbwa haoni chochote cha kuruka. Mbwa akimkimbiza kulungu kwa kasi anaweza kuvumilia shoti na kutoka, halafu hasira ikiisha anasimama nje akiogopa kurudi kwake. Kwa hiyo Karanga hakai nje peke yake. Mmoja wetu akiwa jikoni na dirisha liko wazi, au amekaa barazani, ndipo naye anatoka.

Mlioko Ulaya, someni sheria kwanza. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010, na zile za uzio wa chini ya ardhi zikiwemo. Ujerumani, mahakama kuu ya utawala iliamua mwaka 2006 kwamba kumfundisha mbwa kwa kola ya umeme inayoweza kumuumiza kunakwenda kinyume na sheria ya kulinda wanyama.

Na kwa kaka aliyeniuliza kama amtumie baba yake kifaa hiki Mwanza: hapana, ndugu yangu. Kichaa cha mbwa bado kipo nyumbani, mbwa wanaozurura ni wengi, na waya wa ardhini haumzuii hata mmoja wao kuingia kumng'ata mbwa wa mzee. Umeme ukikatika, kisanduku nacho kinazima. Fedha hiyo mtumie atengeneze geti linalofunga hadi chini, azibe matundu ya michongoma, na mbwa apigwe chanjo ya kichaa kila mwaka, cheti akiweke mahali pa kuonekana.