Je, taa ya UV inavunja maji ninayouza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha maji ya kunywa hapa Tanga. Mashine yangu ina vichujio, kisha taa ya UV (urujuanimno) mwishoni. Kijana mmoja wa kidato cha sita amewaambia wateja kwamba mwanga ule unapasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo wanachokunywa si maji tena. Wameanza kuniuliza na sina jibu. Kama mwanga unaua vijidudu, kwa nini usiyavunje maji yenyewe? (Muuza maji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waambie wateja wako kwamba wanakunywa maji, wala wasihangaike. Ila kijana huyo usimfokee, maana mwanga kweli unaweza kuvunja maji. Alichokosea ni aina ya mwanga.

Molekuli ya maji ni atomi moja ya oksijeni iliyoshika atomi mbili za haidrojeni. Kuing'oa haidrojeni moja kunahitaji nishati ya elektronivolti 5.1 (hicho ni kipimo kidogo cha nishati, kinachofaa atomi). Sasa, mwanga huja kwa vifurushi, na jinsi wimbi lilivyo fupi ndivyo kifurushi kinavyobeba nishati nyingi. Taa yako ina mvuke wa zebaki, na miale yake inayofanya kazi ina urefu wa wimbi wa nanomita 254 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). (Ule ubuluu unaouona ni mwanga mwingine wa zebaki hiyohiyo; miale ya UV yenyewe jicho haliioni, ila inaliumiza, kwa hiyo usiichungulie.) Kifurushi kimoja cha nanomita 254 kina elektronivolti 4.9. Hakitoshi. Wala usidhani ukifunga taa kumi nguvu zitajumlishana: ni kama geti linalopokea noti ya elfu kumi peke yake, hata uje na gunia la sarafu halikufungukii.

Na hata nishati ikitosha, molekuli lazima kwanza iunyonye huo mwanga. Maji huuachia mwanga wa nanomita 220 upite karibu wote. Huanza kuunyonya kwa dhati chini ya nanomita 190 hivi. Vijidudu ni habari nyingine. DNA yao, yaani maelekezo ya urithi, hunyonya nanomita 254 vizuri sana, na hapo sehemu zake zilizo jirani hugandana, kijidudu kikashindwa kujinakili. Maji yanayokizunguka hayajaguswa.

Sasa tuje kwenye kuvunjika kwenyewe, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukua mvuke wa maji, uumulike kwa mwanga wa nanomita 165. Elektroni moja inaruka ngazi ya juu, na katika ngazi hiyo haidrojeni haina tena kinachoishika. Inasukumwa nje moja kwa moja. Kazi yote huisha ndani ya makumi machache ya femtosekunde, na femtosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Molekuli haipati hata muda wa kujizungusha mara moja. Haidrojeni inatoka kwa kasi ya kama kilomita 20 kwa sekunde, na kipande kilichobaki, yaani oksijeni na haidrojeni moja, tunakiita haidroksili. Kwa hiyo kijana wako arekebishe na hili: hapo hazitoki gesi mbili za kitabuni.

Ukifupisha wimbi hadi nanomita 121.6, ambao ndio mwanga mkali kuliko wote katika UV ya Jua ya mawimbi mafupi sana, mambo yanabadilika. Molekuli iliyokuwa imepinda kwa nyuzi 104.5 inajinyoosha kwanza, kisha inapasuka, na haidroksili inaondoka ikizunguka kwa kasi ya ajabu. Huko Dalian, Uchina, watafiti wenye leza kubwa ya UV wameonyesha kwamba kwa mawimbi mafupi zaidi baadhi ya molekuli za maji hupasuka vipande vitatu kwa mpigo: oksijeni peke yake na haidrojeni mbili.

Mwanga huo haufiki Tanga. Oksijeni na ozoni ya angani huuzuia wote, kwa hiyo maji ya bahari na ya ndoo yako salama. Lakini kilomita 80 juu yetu mvuke kidogo uliofika huko unavunjwa kila siku. Haidrojeni yake hupanda na kuizunguka Dunia kama wingu kubwa, ambalo wanaanga wa Apollo 16 walilipiga picha kutoka Mwezini Aprili 1972. Nyotamkia Hale-Bopp ilipopita mwaka 1997, wingu lake la haidrojeni lilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita milioni 100, lote limetokana na barafu ya maji iliyogeuka mvuke na kupasuliwa na Jua. Sayari ya Zuhura nayo inaaminika ilipoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa njia hiyo.

Turudi kibandani. Zipo taa za zebaki zinazotoa pia nanomita 185, na hizo huvunja maji kweli. Viwanda vya chipu za kompyuta huzitumia makusudi, kwa sababu haidroksili huunguza mabaki ya uchafu kwenye maji yao. Taa nyingi za maji ya kunywa zina kioo kinachoizuia miale hiyo. Soma maandishi kwenye taa. Miale hiyo pia hutengeneza ozoni hewani, kwa hiyo ukisikia harufu yake kali, ile ya karibu na cheche za umeme, mwite fundi aikague taa.

Mimi ningehofia zaidi taa iliyochoka. Nyingi zimetengenezwa zidumu saa 9,000, kama mwaka mmoja ikiwaka usiku na mchana, na baada ya hapo huendelea kuwaka buluu ilhali UV imeshapungua. Andika tarehe uliyoiweka taa kwenye mashine yenyewe, na ufute utando wa chokaa kwenye kioo kinachoikinga, umeme ukiwa umezimwa.