Kabla ya kuvuka Kivu, soma hewa iliyo juu ya ziwa

Alama ya wingu na matone kwenye telefone haimsaidii sana mtu wa Bukavu. Kuanzia Septemba hadi Mei huiona karibu kila siku. Mama anayepeleka mizigo kisiwani Idjwi anataka kujua jambo jingine kabisa: dhoruba itakuja kabla boti haijafika au baada yake, na je, itakuja na upepo? Kwa swali hilo mimi huiacha alama na kufungua mchoro wa tabaka za hewa, ule unaoonyesha joto, unyevu na upepo kutoka ardhini hadi juu kabisa ya mawingu. Windy, programu ya hali ya hewa ya telefone na kompyuta, inautoa bure kwa mahali popote unapochagua kwenye ramani. Nimekuwa nikiusomea watu wa boti na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na ningependa wengi zaidi waujue.

Ni vizuri kwanza kujua mistari ile inatoka wapi. Katika nchi nyingi vituo hurusha puto lenye vipimo mara mbili kwa siku, saa 00 na saa 12 za UTC, yaani saa za kimataifa. Afrika ya kati ina vituo vichache mno vya namna hiyo, kwa hiyo mengi yanayojulikana kuhusu hewa yetu ya juu yanatoka kwenye setilaiti. Kifaa cha IASI kilichomo ndani ya setilaiti za Metop hupima mionzi ya joto katika chaneli 8,461. Kila chaneli inapokea zaidi mionzi ya kimo fulani, kwa sababu kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji huzuia mionzi mingine na kuiachia mingine ipite. Kifaa cha CrIS kilichomo kwenye setilaiti ya NOAA-20 hufanya kazi hiyohiyo, kikisaidiwa na kingine, ATMS, ambacho hutumia mikrowevu na huona hata penye mawingu mengi. Vituo vikubwa vya utabiri hukokotoa mionzi ambayo hewa ya modeli yao, yaani hesabu ya hali ya hewa inayofanywa na kompyuta, ingetoa, huilinganisha na ile iliyopimwa kweli, kisha husahihisha modeli.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma chochote, tazama utabiri ulioushika ulianza saa ngapi. Metop hupita juu yetu karibu na saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku, NOAA-20 karibu na saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Utabiri ulioanza saa 00 za UTC, yaani saa nane ya usiku wetu, huonekana kwenye telefone asubuhi. Umepata vipimo vya usiku, lakini hewa ya asubuhi hiyo haujaiona. Ule ulioanza saa 06 za UTC, saa mbili ya asubuhi yetu, huja baadaye mchana, na ndio wenye nafasi ya kubeba kile Metop ilichopima asubuhi. Kama safari yako ni ya alasiri na inaweza kusubiri, usubiri. Kuna na jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalihisi: karibu na ikweta njia za setilaiti moja ziko mbali mbali, kama kilomita 2,800, na IASI huona upana wa kilomita 2,200 tu. Siku nyingine Kivu nzima inaangukia kwenye pengo la setilaiti hiyo, na inabidi kungoja nyingine.

Sasa mchoro wenyewe. Kimo chake huandikwa kwa mgandamizo wa hewa, unaopungua kadiri unavyopanda. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni karibu hektopaskali 850. Maana yake, namba yoyote unayopewa ya 925 au 1,000 iko ndani ya udongo: kompyuta imeikisia. Anza kusoma kwenye 850 kwenda juu. Hata vipimo vya hatari vilivyoandikiwa nchi tambarare usivichukue hivyo hivyo. Vitabu vingi husubiri CAPE, ile nguvu ya hewa kupanda, ipite jouli 2,000 kwa kilo ndipo vihofu. Mimi nimesikia radi nzito hapa ikiwa chini ya 1,000, kwa sababu milima yenyewe inasukuma hewa juu. Na tukumbuke tunaishi wapi: katika utafiti uliochapishwa 2016 kwa vipimo vya setilaiti ya TRMM, Kabare, hapa jirani na Bukavu, ilikuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, ikiwa na miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni unyevu kati ya hektopaskali 700 na 500, yaani kimo cha kilomita tatu hadi sita hivi juu ya bahari. Mstari wa joto na mstari wa unyevu vikienda vimeshikana hadi juu, hewa yote imelowa. Mvua itakuwa nyingi na ndefu, na anayepaswa kuhangaika zaidi ni mtu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mwenye nyumba kwenye mteremko, kuliko mtu wa boti. Mistari ikikaribiana chini halafu ikaachana sana hapo katikati, hofu inahamia ziwani. Mvua inapopita kwenye ile hewa kavu, sehemu yake hukauka njiani, hewa inapoa, inakuwa nzito na kuanguka. Ikifika juu ya maji inatawanyika kwa kasi pande zote, na mawimbi yananyanyuka kwa dakika chache, hata pale ambapo tone la mvua halijaonekana. Watu wa mitumbwi huupata upepo huo wakiwa wanatazama wingu lililo mbali na kujiona salama. Siku ya mchoro kama huo nawaambia wavuke asubuhi mapema, na wavuvi wa usiku wakae karibu na ufuko.

Mipaka yake ni halisi. Setilaiti hulainisha: tabaka kavu lenye unene wa mita mia chache linaweza kufutika, kwani vifaa hivi hutenganisha hewa kwa unene wa kilomita moja au mbili. Doa moja la IASI, yaani eneo inalolipima kwa mara moja, lina upana wa kilomita 12 hivi, na mara nyingi humo ndani mna mlima, shamba na maji pamoja. Kwa hiyo mchoro unakupa hewa ya juu; upepo wa ziwa na wa mabonde utaujua kwa nahodha mzee. Kuanzia mchana fuata pia picha za mawingu za setilaiti ya Meteosat, ambazo huja kila baada ya dakika chache.

Vijana wa vyuo vyetu wenye kompyuta nzuri wanaweza kufanya zaidi: WRF, modeli ya utabiri unayoweza kuiendesha mwenyewe, ni ya bure, na vipimo vya CrIS na ATMS vinatolewa bure pia kama michoro iitwayo NUCAPS. Kinachokosekana ni vipimo vya kwetu vya kulinganisha navyo. Ongeeni na manahodha watatu wanne, waandike saa upepo ulipoanza, ulitoka upande gani na walikuwa wapi, nanyi mhifadhi mchoro wa kila asubuhi. Anzeni Septemba, mvua zinaporudi.