Maswali ya Wasomaji: Je, Kodi ya Mpangaji Inaweza Kulipa Deni la Nyumba?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili mjini Mombasa. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 2, na nimeonyeshwa nyumba ya vyumba viwili ghorofani inayouzwa shilingi milioni 5. Benki iko tayari kunikopesha milioni 3 zilizobaki kwa riba ya asilimia 14, nilipe kwa miaka 15. Dalali ananihakikishia kwamba nyumba itapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi na kodi hiyo ndiyo itakayolipa deni. Je, nitie sahihi? Na ushuru wa kodi hiyo unalipwaje?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, usitie sahihi kwa masharti hayo. Mkopo huo utakudai karibu shilingi 40,000 kila mwezi, na katika mwezi wa kwanza riba peke yake itakuwa 35,000, yaani zaidi ya kodi yote utakayopokea. Tuseme nyumba itakaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka, jambo la kawaida mpangaji anapohama na mwingine akatafutwa: utapokea shilingi 330,000 kwa mwaka. Toa ada ya huduma za jengo, tuseme 3,000 kwa mwezi, kisha 20,000 za matengenezo ya mwaka, kisha ushuru wa 24,750. Utabaki na takriban 249,000, ilhali benki inakudai karibu 480,000. Pengo la shilingi 230,000 litatoka kwenye mshahara wako mwaka baada ya mwaka, na dalali hatakuwapo kukusaidia kulijaza.

Ushuru wenyewe ni huu. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba mkazi wa Kenya anayepata kodi ya makazi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, na ritani (taarifa ya ushuru) huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kwa mwezi ambao nyumba ilikuwa tupu. Kumbuka kwamba asilimia hiyo hutozwa kabla ya kutoa gharama yoyote, iwe ni riba, rangi au ada ya jengo, kwa hiyo mtu anayepata hasara kwa sababu ya mkopo hulipa sawa na jirani yake asiyedaiwa na mtu.

Hata hivyo sheria imekuachia mlango ambao wenye nyumba wengi hawaujui. Unaweza kumwandikia Kamishna wa Ushuru kwamba unachagua kutozwa kwa utaratibu wa kila mwaka, ambapo unatoa kwanza gharama zako, ikiwemo riba ya mkopo (si marejesho ya deni lenyewe), na kinachobaki ndicho kinachojumlishwa na mshahara wako. Kwa mtu wa mshahara kama wako, faida hiyo kwa kawaida itaangukia kiwango cha asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, utaratibu wa mwaka unakufaa iwapo gharama na riba zinazidi robo tatu ya kodi unayopokea. Zikipungua hapo, asilimia 7.5 ndiyo nafuu. Kwa mkopo mkubwa kama huu, miaka mingi ya mwanzo ingekuwa bila ushuru wa kodi, lakini pengo la benki lingebaki palepale, kwa kuwa kuokoa 24,750 hakuzibi 230,000.

Usichanganye jambo hili na nafuu ya riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka iliyoongezwa mwishoni mwa 2024. Nafuu hiyo ni ya anayeishi katika nyumba aliyoikopea, wala si ya anayeipangisha.

Lipo pia jambo ambalo barua yako haikulitaja. Mjini, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ya nyumba, kwako shilingi 200,000, kisha kuna wakili na mthamini. Ukitoa akiba yako yote kama malipo ya awali, fedha hizo utazitoa wapi? Watakaokuambia uvumilie kwa sababu nyumba itapanda thamani wakumbushe kwamba riba ya benki nayo inaweza kupanda, na kwamba siku ya kuuza nyumba ya kupangisha utatozwa asilimia 15 ya faida, kiwango kilichokuwa asilimia 5 kabla ya 2023.

Kwa riba hiyo, kodi ya nyumba hii inaweza kubeba deni la milioni 1.5, si zaidi. Ama tafuta nyumba ya bei ndogo zaidi, ama endelea kuweka akiba mpaka mkopo ushuke kufikia hapo.

SWALI: Nataka kununua nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita Likoni kwa shilingi 900,000, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Kila chumba hupangishwa 3,500. Muuzaji anasema ardhi ni ya mtu mwingine, na yeye humlipa mwenye ardhi kila mwezi. Kuna ubaya?
Fundi seremala, Likoni

JIBU: Upo, kaka. Vyumba vikijaa mwaka mzima utapata 252,000, ambazo hazifiki kima cha ushuru wa kila mwezi, ingawa utazitaja kwenye ritani yako ya mwaka. Kwenye karatasi, mpango huo unapendeza kuliko wa Mwalimu. Lakini unanunua kuta na bati tu. Mwenye ardhi akiuza kiwanja, mmiliki mpya anaweza kukupa notisi ya kuondoka, na hakuna benki itakayopokea nyumba hiyo kama dhamana.

Usilipe chochote kabla hujapata rekodi rasmi katika ofisi ya ardhi, ukajua mwenye kiwanja ni nani hasa na kama ardhi ina deni au kesi, kisha akakubali kuandikiana nawe mbele ya wakili kwa muda unaotosha kurejesha fedha zako. Akikataa, achana na nyumba hiyo. Chama hakikukopeshi kwa dhamana ya nyumba bali kwa akiba yako na sahihi za wadhamini, na nyumba ikibomolewa nawe ukashindwa kulipa, wenzako hao wanaweza kukatwa akiba zao kulipa deni lako.