"Mchawi mwema" anawezekana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa hapa Tabora mjini, naandika riwaya ya vijana. Kuna ufalme mbili zinazopigana, na shujaa wangu, msichana wa miaka 16, amezaliwa na uwezo wa kuamuru upepo. Nimemwita "mchawi mwema". Wenzangu walioisoma wanasema wanamwogopa. Nitumie neno gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamesoma sawasawa. Katika filamu za kigeni tunazotazama neno moja hubeba nguvu zote za ajabu, njema na mbaya. Kiswahili huuliza kwanza: nguvu hizo zinamfanyia nani nini? Mchawi ni anayedhuru watu kwa siri. Ubaya umo ndani ya neno lenyewe, kama ulivyomo ndani ya "mwizi", kwa hiyo "mchawi mwema" inasikika kama "mwizi mwaminifu". Tena huku kwetu Unyamwezini, na kwa jirani zetu Wasukuma, vikongwe wameuawa kwa kuitwa hivyo, na ushahidi ulikuwa macho mekundu tu, macho ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Neno lenye damu kiasi hicho nisingemvika mtoto ninayetaka apendwe.

Mganga je? Hilo ni neno safi. Daktari anayesimamia afya ya mkoa mzima cheo chake ni Mganga Mkuu wa Mkoa. Ila uganga ni kazi, mtu huufundishwa, naye binti yako kazaliwa na uwezo wake. Mazingaombwe na kiinimacho ni kudanganya macho, kwa hiyo upepo wake utakuwa wa uongo. Sihiri imeelemea kwenye ubaya uleule wa uchawi. Muujiza msomaji ataupeleka moja kwa moja kwa Mungu.

Kwa upande wa vita, neno ninalolipenda ni dawa. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipowapa watu maji ili risasi za Wajerumani zisiwadhuru, katika vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905, yale maji yaliitwa dawa. Humo ndani kuna hazina ambayo waandishi vijana wameiacha ikilala: askari wako wanaweza kuwa na kago, yaani dawa ya kinga, mwilini na hirizi mkononi, mji ukawekewa zindiko la kuulinda, fingo, kinga ya kuzikwa ardhini, likafukiwa langoni usiku kabla adui hajafika. Uchawi mwachie yule anayetuma maradhi kambini. Hapo msomaji atajua upande wa kila mtu kabla hujamweleza.

Binti mwenyewe usimpe jina la kazi yoyote. Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani, hakudhurika kwa silaha ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na wasimuliaji hawakuhitaji kumpa jina la aina yake. Walisema alivyokuwa, basi. Katika ukurasa ulionitumia umeandika: "Alitumia uchawi wake kuubadilisha upepo." Mimi ningeandika: "Alinong'ona. Upepo ukamsikia, na mishale iliyokuwa njiani ikarudi ilikotoka." Kitenzi kimefanya kazi yote. Watu wa mji wake wakitaka kumpa jina, wamwite Mwenye Upepo, kama tunavyosema mwenye mji.

Sasa sarufi. Si "ufalme mbili", ni falme mbili zinazopigana, kama ukuta na kuta, ufunguo na funguo.

Lakini kwa nini ufalme, nawe uko Tabora? Mwaka 1871 Mirambo, mtawala wa Urambo, aliingia vitani na Waarabu wa hapa na washirika wao wa Unyanyembe. Watawala waliitwa watemi na wapiganaji wake waliitwa rugaruga. Kama nchi zako ni za mbali kabisa, zenye majumba ya mawe na theluji, falme zinatosha. Kama zina miombo na mizinga ya nyuki, jaribu utemi. Wingi wake hauzoeleki masikioni, kwa hiyo andika "nchi mbili za kitemi". Na ukitaka adui atoke upande wa Kigoma, kwa Waha, mtawala wake usimwite mtemi. Huyo ni mwami.