Mbeba boksi anayeuza Lego: pesa ipo kwenye kuhesabu

Wakuu, tangu niweke picha ya ile meza yangu iliyojaa vitofali vya Lego, vile vya plastiki vya kuunganisha na kujengea midoli, inboksi yangu haipumui. Kila mtu swali ni moja tu, hivi hii biashara ya Lego inalipa kweli au unatuzuga? Inalipa, ila sio pale wengi wanapodhani, na mimi nimepigwa vya kutosha kabla ya kujua inalipia wapi.

Niko Leicester, Uingereza, nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, mbeba boksi kama wabeba boksi wengine. Nilianza 2021 baada ya kuona watu mtandaoni wanasema nunua seti mpya, yaani boksi lenye vipande vya kujenga kitu kimoja, usifungue, ifiche kabatini, kiwanda kikiacha kuitengeneza uiuze mara mbili au mara tatu. Na hawadanganyi moja kwa moja. Lego, ile kampuni ya Billund, Denmark, haitoi seti moja milele, nyingi zinakaa sokoni kama mwaka na nusu hadi miwili hivi (kubwa kubwa zinakaa zaidi) halafu basi, zinasitishwa, na hapo anayeitaka inabidi amtafute mtu kama mimi. Seti ya Cafe Corner ya 2007, vipande 2,056, ukikuta leo ambayo haijafunguliwa bei yake utashika kichwa.

Sasa wanachonyamazia ni kwamba kampuni ikiamka siku moja ikasema tunairudisha, umekwisha. Taj Mahal ya 2008 ilikuwa na vipande 5,922, watu wakaiweka kama dhahabu, bei ikapaa kweli kweli, kufika 2017 Lego wakatoa Taj Mahal nyingine karibu ile ile, tofauti ya kipande kimoja. Mwaka huo huo wakatoa Millennium Falcon mpya, kile chombo cha anga cha filamu za Star Wars, ya vipande 7,541, na ile kubwa ya 2007 iliyokuwa inauzwa bei ya gari la mtumba ikapoa. Aliyenunua kileleni akabaki anaangalia boksi na boksi linamuangalia.

Mimi yangu haikuwa hata ya kishujaa hivyo, mimi niliuliwa na unyevu. Nilinunua seti nne, nikaziweka gereji, nikasahau kwamba hii sio Dodoma. Baada ya miezi kumi na nane naenda kuzitoa, maboksi yamevimba pembeni, moja lina ukungu. Vipande ndani vizima kabisa, mifuko haijafunguliwa, lakini mkusanyaji anayelipa bei ya juu analipia boksi pia bana, pembe ikibonyea tu anaanza kukupunguzia. Nikauza zote nne karibu na bei niliyonunulia, ukitoa posta nikala hasara. Na muda wote huo hela imelala gereji huku kodi ya nyumba inanidai.

Ndo nikageukia mtumba. Kila Jumapili kuanzia majira ya machipuko huku kuna magulio, watu wanapaki magari uwanjani, wanafungua buti, wanauza vitu vya ndani. Ukifika saa tatu asubuhi umechelewa, wenzako wamefika saa kumi na mbili na tochi mkononi. Siku moja bibi mmoja alikuwa na mfuko wa supamaketi umejaa vipande vya kijivu, mwanawe amehama nyumba, yeye anataka nafasi tu. Nikaona kile kioo cha mviringo cha chumba cha rubani, moyo ukanidunda, nikajikausha. Pauni 30. Nikalipa bila hata kuomba punguzo, vibaya kweli kwa Mswahili lakini niliogopa atashtuka.

Kufika nyumbani ilikuwa Falcon ndogo ya 2011, namba 7965, vipande 1,254. Hakuna boksi, kitabu cha maelekezo nikakishusha bure kwenye tovuti ya Lego wenyewe. Nikatoa sinia la pilau, binti yangu wa miaka tisa akakaa upande wa pili, tukaanza. Hapa nitoe siri ambayo kwangu ilibadilisha kila kitu: usipange kwa rangi, panga kwa umbo. Mtu mgeni anaweka vya kijivu huku, vyeupe kule, halafu anatafuta kipande kimoja cha kijivu ndani ya mlima wa kijivu, utapofuka. Ukipanga kwa umbo, vibapa huku, vya tundu kule, vya mteremko kule, rangi jicho linaiona lenyewe. Kurasa za mwisho za kitabu zina picha ya kila kipande na idadi yake, tukawa tunaweka alama ya penseli moja moja. Usiku wa pili tukajua: vimepungua vipande 43, na Chewbacca, kile kijitu chenye manyoya cha kwenye filamu, hayupo.

Vipande pungufu nanunua BrickLink. Kama hujui, ni soko la mtandaoni lililoanza 2000, Lego wakalinunua 2019, unaweza ukanunua hata kipande kimoja cha senti mbili, na lina kumbukumbu ya bei ambazo vitu vimeuzwa kweli ndani ya miezi sita. Vipande pamoja na Chewbacca vikanitoka pauni 14, kufungasha na posta 6, seti ikaenda kwa 95. Faida 45. Safi eh? Sasa piga hesabu ya masaa, ile ya kwanza ilinila masaa saba na ushee, gawanya mwenyewe utaona ni chini ya kima cha chini cha mshahara cha huku, afadhali ningeomba ovataimu. Siku hizi seti ya ukubwa ule naimaliza masaa matatu, hapo ndo inaanza kuwa biashara, kwahiyo ukianza usikate tamaa na zile mbili za mwanzo, lakini pia usijidanganye kwamba masaa yako ni ya bure.

Vijitu, vile vidoli vidogo vya wahusika vinavyokuja na seti, ndo roho yake, hasa za Star Wars. Kuna wajanja wanavichomoa na kuviuza peke yake, halafu wanakuuzia wewe "seti kamili" ya matofali. Kwahiyo kabla hujalipa ulizia kila kijitu kwa jina, omba picha ya mbele na mgongo, shingo isiwe na ufa. Na feki zimejaa. Angalia vile vinundu juu ya tofali, Lego halisi kila kinundu kimeandikwa LEGO, ukikuta kinundu kitupu ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Boksi ambalo wanasema halijafunguliwa litikise, chunguza gundi ya mkanda. Kuna moja nililitikisa gulioni likatoa mlio ambao mimi naujua jikoni, makaroni makavu wallahi, nikamrudishia mwenyewe kimya kimya nikasogea.

Kuosha, maji ya vuguvugu yasiyozidi digrii 40 na sabuni ya vyombo, basi. Mashine ya kufulia hapana. Vyenye stika usiloweke, futa na kitambaa. Na usianike dirishani, jua linageuza vyeupe kuwa vya njano, na mnunuzi ataona tu.

Kwenye kuuza, bei usiangalie matangazo, mtu yeyote anaweza kuandika pauni 300, kwenye eBay chuja vilivyokwisha kuuzwa ndo uone watu wanalipa nini. Mimi kubwa naweka eBay, vidogo vidogo Vinted, soko jingine la mtandaoni la mitumba, na kile kilichopungua naandika mstari wa kwanza kabisa: "kimepungua kipande hiki, picha ya tatu". Utashangaa, watu wananunua haraka zaidi. Nilijifunza baada ya mnunuzi mmoja kudai vipande mia havipo, mimi nina uhakika niliviweka, sina ushahidi, nikarudisha hela na mzigo ukarudi mwepesi kuliko ulivyotoka. Tangu siku hiyo kila seti inapanda kwenye mizani ya jikoni, napiga picha gramu zinaonekana, naiweka kwenye tangazo. Sijapata kesi nyingine.

Mambo ya serikali, haraka haraka. Mauzo yako yote ya biashara yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, ule unaoanza tarehe 6 Aprili, inabidi ujiandikishe kwa watu wa kodi, na hapo ni mauzo sio faida, wengi wanachanganya. Na wadogo zangu mnaosoma kwa viza ya mwanafunzi, viza yenu hairuhusu kujiajiri, kuuza midoli ya mwanao ni sawa, kununua ili uuze ni habari nyingine. Wenye viza za kazi someni masharti yenu kabla ya kukimbilia gulioni, pauni 45 haina thamani ya kurudishwa nyumbani.

Mama yangu kule Tanga nilimuonyesha kwa video nikiwa nahesabu, akauliza, "We baba, mtu mzima unalipwa kucheza?" Nikamwambia ndio mama. Akanyamaza kidogo, akasema basi tuma ya gesi. Nikatuma, halafu nikarudi kwenye sinia maana bado usukani mmoja wa gari ulikuwa hauonekani, na binti anaapa hajaukalia.